Redio ya Fundi Tsofa

Fundi Tsofa wa Mjambere alikuwa mtu wa maneno machache. Ukienda kwake kupimwa suruali atakugeuza, atakuinua mkono, atakuzungushia tepu kiunoni, na usemi wote utakaouambulia ni "geuka" na "rudi Jumanne." Jumanne ukirudi, atakwambia "Alhamisi." Alikuwa na miaka arobaini na minane, mabega yameinama kwa kushona, na miwani yake ilishikwa kwa uzi mweusi upande wa kulia, uzi aliouzungusha kwa ustadi hata wateja wageni wakidhani ndivyo ilivyotoka dukani.

Basi jirani yake Anwar, aliyekuwa akiuza kahawa na kashata mlango wa pili, alipoanza kumsikia kila Ijumaa saa saba kasorobo akizungumza peke yake ndani ya duka lililofungwa, tena kwa sauti ya kuchangamka kama mpiga mnada, aliingiwa na wasiwasi.

"Nduyangu," alimwuliza siku moja, "humo ndani wasema na nani? Mlango umeufunga, mteja huna, na wewe ni mtu ambaye hata salamu waikata kati."

"Nasoma taarifa ya habari," Tsofa akamjibu, akatunga uzi kwenye sindano, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa siku hiyo.

Wala hakusema uongo.

Mkewe, Kache, alikuwa ameondoka mwezi wa Novemba kwenda kufanya kazi katika makao ya wazee, kwenye mji mmoja mdogo kaskazini mwa Uingereza. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na likizo baada ya mwaka mmoja. Binti yao Kadzo alikuwa chuoni Voi. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo Kache ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Tsofa kazi yake ilikuwa kuitikia. Alikuwa na miitikio ya kila namna: kuna "mh" ya kukubali, "mh" ya kushangaa, na "mh" ndefu ya kuomba chai. Kache alizijua zote. Lakini simu haikuzijua.

"Mko salama huko?" angeuliza Tsofa.

"Tu salama. Nawe?"

"Salama."

Angekuna goti.

"Kuna baridi?"

"Kuna baridi."

"Mh."

Jumapili moja Kache alishindwa kuvumilia. "Baba Kadzo, mimi nimekaa kwenye stuli katika chumba cha kufulia, mashuka ya wazee kumi na wanne yananingoja, nimepiga simu nikusikie ukipumua? Nieleze mambo! Nieleze siku yako."

"Nimeshona."

"Umeshona nini? Umeshonea nani? Nani kapita? Kasema nini? Jirani wanapiga muziki gani? Mimi huku nasikia mashine ya kufulia na upepo, basi. Nataka kujua kwetu kunasikika vipi."

Tsofa alikata simu akiwa ameona haya. Akakaa mbele ya cherehani yake siku tatu akiliwaza lile swali la mwisho. Ijumaa Anwar alipokwenda msikitini na barabara ikatulia, na ile dakika ya utulivu ikamfaa, alifunga mlango, akasimamisha simu juu ya jora la kitambaa cha sare za shule, akakohoa. Akakumbuka alivyokuwa akikaa na marehemu babake huko Rabai kusikiliza vipindi vya salamu redioni, watangazaji wale waliokuwa na sauti kama wameoga asali. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Hii ni Redio Mjambere," alisema, "ikikutangazia kutoka duka la pili baada ya kinu cha kusaga. Saa zetu zatuonyesha ni saa saba kasoro dakika kumi. Habari kamili. Kuku wa Mama Riziki ametaga ndani ya kofia ya mteja wa Anwar. Mteja aliivaa kofia. Polisi hawakuhusishwa."

Akasimama, akashangaa maneno yametoka wapi. Kumbe mtu aliyeshindwa kuzungumza na mkewe simuni alikuwa na mtangazaji ndani yake miaka yote, amekaa kimya akingoja zamu.

Kipindi kile cha kwanza kilikuwa cha dakika nne. Kufika mwezi wa Machi kilikuwa cha dakika kumi na tano, na kilikuwa na sehemu zake: habari, matangazo ya vifo na harusi, hali ya hewa ("jua limewaka, makwapa yameitikia"), na mwisho ile sehemu aliyoipenda kuliko zote, Muziki wa Wiki.

Hapo ndipo Tsofa alipokuwa na mengi ya kusema. Muziki ndio uliowakutanisha yeye na Kache. Alikuwa fundi mchanga aliyeitwa kushona hando, zile sketi za marinda, za kikundi cha kina mama wacheza ngoma ya mwanzele, na kati ya wale wapiga kayamba kumi na wawili alimsikia mmoja ambaye peke yake hakuwa akiharakisha. Wengine wakipandwa na mori wakakimbia mbele, yeye akabaki pale pale, tulivu, mpaka wenziwe wakamrudia. Tsofa alimpima hando mara tatu siku hiyo, akidai tepu imevutika.

Kwa hiyo katika Muziki wa Wiki hakumpigia Kache nyimbo za redioni. Alimweleza vile mtaa ulivyosikika, akaupima kama anavyopima nguo. Kwaya ya nyuma ya kinu, alisema, ina kitambaa kizuri ila kimekatwa vibaya: sauti za kike zabana kifuani, besi yaburuta chini. Bendi ya bango iliyopiga kwenye harusi ya Magogoni ilishona kwa mshono mpana, wa kumwachia mtu nafasi ya kunenepa. Na yule jamaa wa kipaza sauti anayepita akiuza dawa ya panya, mende na kunguni, Tsofa alimpa wiki nzima.

"Mama Kadzo, msikilize," alisema, na kweli akafungua dirisha ili kipaza sauti kisikike. "Ana pumzi. Ana mahadhi. Lakini wamwona anavyomaliza mstari? Anaposema 'kunguni' sauti yamshuka kama amefiwa naye. Mimi naamini huyu bwana, moyoni mwake, awaonea kunguni huruma."

Kache alijibu kwa ujumbe wa sauti uliokuwa kicheko kitupu kwa sekunde ishirini, kisha: "Mimi Mama Kadzo wa Baridi Kali, nawasalimu Baba Kadzo wa Sindano, paka wa nyumbani, na kunguni wote waliofiwa."

Kipindi cha kumi kilikuwa na burudani maalum. Tsofa aliweka simu karibu na cherehani yake, ile nyeusi ya kukanyaga aliyorithi kwa mwalimu wake, akashona ubavu mzima wa dera bila kusema neno. *Tiki-tiki-tiki-tu. Tiki-tiki-tiki-tu.*

"Umeisikia hiyo *tu*?" akasema mwishoni, kwa majivuno. "Cherehani za watu hupiga kelele. Hii yangu yapiga ngoma. Mungu hakunipa kayamba, kanipa hii."

Na mambo yangeendelea hivyo kwa raha zao, lau si mama mkwe.

Mamake Kache alikuja kumtembelea mwezi wa Aprili, akakaa siku nne, akapanga upya vyombo vya jikoni hata Tsofa akawa anatafuta chumvi kama atafutaye mali iliyozikwa. Ijumaa, Tsofa akiwa na hakika anasikilizwa na mtu mmoja tu duniani, alisema katika Muziki wa Wiki kwamba kwa muda wa siku nne amekuwa akipata burudani ya bure kutoka chumba cha pili. "Mama hukoroma kwa sauti mbili," alisema, kwa heshima ya mpenda sanaa. "Ya kwanza na ya tatu. Kwa pamoja."

Jumanne ya pili yake simu ikalia.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mimi hukoroma kwa sauti mbili."

Tsofa alihisi damu imemshuka mpaka kwenye miguu, ikaendelea na safari.

"Ya kwanza na ya tatu," mama mkwe akaendelea, bila haraka. "Nimeuliza hapa, hakuna ajuaye. Ya pili imekwenda wapi?"

"Mama, mimi... mama, umesikia wapi?"

"Imeletwa kwenye simu ya jirani yangu. Yeye kaletewa na dadake aliye Dubai. Wote hapa wameisikia. Mchungaji ameisikia mara mbili. Ile ya kunguni ilikuwa nzuri."

Tsofa aliomba radhi kwa lugha mbili, akakata simu, akampigia Kache bila kujali huko ni saa ngapi. Kache hakuficha. Alikuwa akisikiliza redio wakati wa mapumziko pamoja na mwenzake wa kazi, Rosalia, mama wa Kitaita kutoka Wundanyi. Rosalia akaomba atumiwe kipindi kimoja. Kisha kingine. Rosalia alikuwa katika kikundi cha Wapwani waishio pande zile, akawarushia, nao wana ndugu zao.

"Mko wangapi katika kikundi hicho?" aliuliza Tsofa.

"Thelathini na wanane."

"Mimi nilikuwa nasema na wewe, Kache." Hakumwita Mama Kadzo, na wote wawili walilisikia hilo.

"Nami nilikuwa nakusikiliza."

"Wewe na watu thelathini na wanane."

"Thelathini na saba. Mimi usinitie katika hesabu yao."

Lakini Tsofa hakucheka. Redio Mjambere ikafungwa.

Ijumaa ya kwanza saa saba kasorobo alikaa akikunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Aliona aibu ya aina asiyoijua. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewapima watu, akawaona vitambi vyao na makalio yasiyolingana, akayahifadhi kama siri. Sasa kumbe yeye ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya sebule ya watu, mikono juu, wanamzungushia tepu. Alijaribu kukumbuka maneno yote aliyomwambia mkewe katika miezi minne. Mengine yalimfanya avue miwani na kujifunika uso kwa pindo la dera la mteja.

Ijumaa ya pili Anwar aligonga mlango kabla ya kwenda msikitini.

"Leo pia hakuna?"

"Hakuna nini?"

"Taarifa." Anwar alitazama kando. "Wallahi Tsofa, huu ukuta wetu ni mbao na misumari. Mimi tangu Februari khutba naikuta katikati kwa sababu yako. Nangoja mpaka Muziki wa Wiki uishe ndipo nende. Sasa wiki mbili nawahi, na imamu ananitazama kama mgeni."

Tsofa alifunga mlango. Hata hivyo, alipokuwa amekaa kule ndani, simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Kache. Alijua ungekuwa wa kuomba msamaha, akajitayarisha kutosamehe. Akausikiliza.

Ilikuwa sauti ya ajuza, nyembamba, ikisema Kiingereza cha aina asiyopata kuisikia popote, kila neno limekatwa mkia. Kisha ikaja sauti ya Kache.

"Huyu ni Bibi Margaret, wa chumba nambari sita. Ana miaka tisini na mmoja. Nikimtandikia kitanda huwa nafungulia redio yako. Kiswahili hajui hata 'jambo', lakini siku ile uliposhona dera, alininyamazisha kwa mkono. Baadaye akaniomba niirudie. Na tena. Alikuwa mshonaji wa mashati kiwandani, miaka thelathini na mitatu. Sasa amesema nikwambie hivi. Usikasirike. Amesema mashine yako inagonga. Hiyo *tu* yako si ngoma. Kile kikombe cha chini kinachoshika bobini kimelegea, na usipokikaza sindano zitaanza kukatika. Amesema pia una mguu mzuri, unakanyaga sawasawa. Basi. Ni hayo tu."

Tsofa alisikiliza mara mbili. Halafu akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Ati yagonga!" alimwambia Anwar jioni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ujirani kwake kuanzisha mazungumzo. "Mtu hajaiona! Hajaigusa! Yuko ng'ambo, kitandani, miaka tisini na mmoja, aniambie mimi cherehani yangu yagonga!"

"Labda ni kweli," alisema Anwar.

Tsofa alimnyima usemi siku mbili.

Wakati huo Salha wa Magogoni alikuwa amemletea kazi ya dera kumi na nane, kitambaa kimoja chekundu chenye maua ya manjano, sare za harusi ya mdogo wake. Harusi ilikuwa Jumapili. Jumatano asubuhi Tsofa alikuwa amebakisha dera saba. Alikanyaga, *tiki-tiki-tiki-tu*, *tiki-tiki-tiki-tu*, *tiki-tak!*

Sindano ilikatika. Akaweka nyingine, kwani sindano hukatika. Hiyo ikashona shingo moja, ikakatika. Ya tatu haikumaliza hata mkono. Kipande chake kiliruka kikampiga kwenye kioo cha miwani.

Salha akaingia wakati huo huo. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kuingia mahali na sauti yake ikitangulia.

"Fundi! Madera yangu hayo! Yamebaki mangapi?"

"Saba."

"Na mbona wakaa wayatazama? Unayasubiri yajishone?"

"Sindano zakatika."

"Zakatika kwa nini?"

Tsofa alitazama cherehani. Akatazama dari. Alikuwa na njia mbili, kusema uongo au kusema kweli, na kwa kuwa hakuzoea kusema sana, alichagua ile fupi.

"Yuko bibi mmoja Uingereza," alisema, "aliniambia."

Salha akavuta kiti, akakaa. "Haya, hiyo nataka kuisikia."

Basi Tsofa alilaza cherehani ubavuni huku akieleza, akafungua kifuniko cha chini na kuangaza kwa tochi ya simu. Skrubu ya kile kikombe ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Aliigusa kwa kidole, ikazunguka yenyewe. Kikombe nacho kilikuwa kimekwanguka ubavuni, alama inayong'aa, pale sindano ilipokuwa ikikipiga pole pole kwa miezi, labda mwaka. Miezi yote hiyo yeye ameketi mbele ya cherehani akiiita ngoma.

Alikaza skrubu, akasugua kikombe kwa msasa laini, akatia mafuta, akaisimamisha mashine. Akakanyaga. *Tiki-tiki-tiki-tiki-tiki-tiki.*

"Imepona!" Salha akapiga makofi.

"Imepona," alisema Tsofa, kwa sauti ya yule muuza dawa akifika kwenye kunguni.

Madera yaliisha Ijumaa saa nne. Saa saba kasorobo alifunga mlango, akasimamisha simu juu ya jora. Upande wa pili wa ukuta alisikia kiti cha Anwar kikivutwa karibu na mbao. Akakohoa.

"Hii ni Redio Mjambere. Tunawaomba radhi wasikilizaji wetu kwa kukatika kwa matangazo kulikosababishwa na mtangazaji kununa. Kwanza masahihisho. Katika kipindi kilichopita tulisema mama mkwe wa mtangazaji hukoroma kwa sauti mbili. Uchunguzi zaidi umeonyesha kwamba mama huyo hupika wali wa nazi ambao mtu akila husahau alikuwa akilalamikia nini. Habari ya pili. Bibi Margaret wa chumba nambari sita alisema kweli, na mtangazaji alikuwa mjinga. Mama Kadzo, mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Hapo mtangazaji akaondoka, akabaki Tsofa.

"Lakini mwambie pia hivi. Sasa yashona vizuri, mshono umenyooka, sindano hazikatiki. Ila haina wimbo. Nimekaa nayo siku mbili, yaenda tu, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Nimepata mshono nimepoteza ngoma. Muulize, yeye alifanyaje?"

Jibu lilikuja Jumamosi. Bibi Margaret alikuwa amecheka, alisema Kache, mpaka akaletewa maji. Kisha akaeleza kwamba kule kiwandani walikuwa wanawake mia na ishirini chumba kimoja, na kila mmoja aliijua mashine yake kwa ubovu wake. Moja ilifoka, nyingine ililia kama paka. Fundi mitambo akipita kuzirekebisha, chumba kizima kilikuwa na huzuni wiki nzima. Ndipo walipokuwa wakiimba. Hakuna aliyewasikia vizuri kwa sababu ya kelele, hata wao wenyewe, lakini waliimba, kila mmoja akisoma midomo ya aliye mbele yake.

Na mwisho wa ujumbe ule ajuza aliimba. Hakuwa na maneno, ni kuvuma tu, sauti ikipanda ngazi mbili na kushuka tatu. Tsofa aliweka simu kwenye meza ya cherehani akaanza kukanyaga pole pole, akitafuta. Alipoipata kasi yake, alishangaa: ilikuwa mwendo wa mtu asiyeharakisha.

Kulikuwa na ujumbe mwingine nyuma ya huo, mfupi. Huo Tsofa hakumweleza mtu kwa muda mrefu.

"Baba Kadzo, nilikosa kukuuliza, na kwa hilo naomba radhi. Lakini nataka ujue. Nilikaa hapa wiki saba na hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa 'yule mpya'. Siku ya kuku na kofia nilicheka mpaka nikaangusha kikapu cha mashuka, wakaja kutazama kuna nini. Ndiyo siku waliyoniuliza naitwa nani. Sikuwapa redio yako ili wakucheke. Niliwaonyesha kwamba mimi nina kwetu."

Tsofa alivua miwani, akaisafisha, ingawa haikuwa na kitu.

Wakapatana. Ijumaa ingekuwa ya wote: Wapwani thelathini na saba, jirani wa mama mkwe, dadake wa Dubai, mchungaji, chumba nambari sita. Jumapili ingekuwa ya Kache peke yake. Yaliyosemwa katika kipindi cha Jumapili hakuna ayajuaye. Anwar alijaribu, lakini Tsofa alikuwa amepigilia blanketi zito kwenye ule ukuta.

Mwezi wa Desemba Kache alirudi kwa likizo. Alifika na mifuko miwili na koti asilojua pa kulitundika, akapokelewa na mamake, na Kadzo, na Salha na nusu ya mtaa, na watu walikula, wakacheza, wakamrudisha nyumbani amechoka kwa furaha. Siku ya pili mchana wageni waliondoka, Kadzo akaenda kuwaona rafiki zake, na mume na mke wakabaki sebuleni, kila mmoja kwenye kiti chake.

"Safari ilikuwa njema?" aliuliza Tsofa.

"Uliniuliza jana. Ilikuwa njema."

"Mh."

Kache alimtazama. Karibu mwaka mzima alikuwa amesikia sauti ya mtu huyu ikimwambia mambo ambayo katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kuyasema, na sasa yuko hapa, mzima mzima, anakuna goti. Akaanza kucheka kimoyomoyo. Tsofa aliona mabega yake yakitikisika, akaona haya zaidi, akasimama, akaenda chumbani akafunga mlango.

Muda si muda simu ya Kache ikatoa mlio pale mezani. Akaufungua ujumbe, na sauti ile akaisikia mara mbili, simuni na nyuma ya mlango, kwani mtangazaji alikuwa tayari anarekodi ujumbe wa pili.

"Hii ni Redio Mjambere. Habari zilizotufikia hivi punde zasema Mama Kadzo wa Baridi Kali amewasili nchini. Mashavu yamejaa kidogo, macho ni yale yale. Mtangazaji wetu aliyekwenda kumhoji ameripoti kwamba amekwama, hajui aanzie wapi. Tunawaomba wasikilizaji..."

"Aanze kwa kufungua mlango!" Kache akapaza sauti.

Kule chumbani matangazo yakakatika. Kitasa kikazunguka. Tsofa akatokea na simu mkononi, akaketi, safari hii kwenye kiti kilicho karibu, na akaanza kumweleza yote kuhusu kwaya ya nyuma ya kinu, iliyopata mwalimu mpya na kuharibika zaidi, na Kache akabishana naye mpaka chai ikapoa.